Je, Wajua? Ghuba Isiyouzwa Hupewaje Bei?

Dakika chache baada ya saa sita usiku, tarehe 24 Machi 1989, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, jimboni Alaska, Marekani. Takriban galoni milioni 11 za mafuta ghafi zilimwagika. Ndege wa baharini walikufa kwa maelfu, manyoya yao yakiwa yamegandamana kwa mafuta hata hayawezi kuzuia baridi. Jimbo likataka fidia. Samaki ambao hawakuvuliwa wana bei sokoni, hesabu yao ni nyepesi. Lakini fisi-maji hana soko. Mwanauchumi ataanzia wapi?

Njia ya zamani hufuata nyayo za watu. Mwaka 1947 mwanauchumi Harold Hotelling aliiandikia idara ya hifadhi za taifa ya Marekani: hata kama kiingilio ni bure, mgeni amelipa nauli na muda wake. Basi chora miduara kuizunguka hifadhi, uhesabu wageni kwa kila watu elfu wa kila mduara. Wa mbali hugharimika zaidi, hivyo huja wachache, na upungufu huo unakuonyesha gharama ikifika wapi watu huacha kuja. Naiheshimu njia hii kwa sababu inashika waliyotenda watu, si waliyosema. Bei za nyumba hutumika vivyo hivyo: nyumba mbili zinazofanana, moja penye hewa safi na nyingine penye moshi, tofauti ya bei zao ndiyo wanunuzi wanayoilipia hewa.

Wengine hukadiria gharama ya kibadala. Kwa makubaliano ya 1997, jiji la New York lilichagua kulinda vyanzo vyake vya maji katika milima ya Catskill badala ya kujenga mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola. Kwa uamuzi ule hesabu ilitosha, ila bei ya mtambo haigusi ndege wala kivuli cha msitu.

Njia zote hizo hazimwoni mtu asiyefika. Wamarekani wengi hawajawahi kukanyaga Alaska, na bado habari ile iliwauma. Kuwapima hao hakuna budi kuwauliza. Watafiti wa jimbo waliwahoji ana kwa ana watu zaidi ya elfu moja: je, ungekubali kodi ya mara moja ili meli za mafuta zisindikizwe na ajali kama ile isijirudie? Kaya ya katikati, yaani ile ambayo nusu ya kaya zilitoa zaidi yake na nusu pungufu, ilikuwa tayari kutoa kama dola 31. Zidisha kwa kaya za nchi nzima, unapata dola bilioni 2.8.

Wapinzani walisema kusema ni bure. Mwaka 1993 jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote washindi wa Nobeli ya uchumi, liliamua kwamba majibu hayo yanafaa kuanzia hoja mahakamani, mradi swali liwe kama kura na mhojiwa akumbushwe kuwa pesa hiyo itapunguza matumizi yake mengine.

Jopo lilitaka pia watu waulizwe "ungetoa kiasi gani kuilinda", si "ulipwe kiasi gani ukubali kuipoteza", maana swali la pili huleta tarakimu kubwa zaidi. Hapo sikubaliani nalo. Aliyechomewa nyumba haulizwi angetoa kiasi gani isichomwe. Huulizwa alipwe nini. Na ghuba ile ilikuwa tayari mali ya umma usiku ule meli ilipopanda mwamba.