Taharuki ni nini? Tuulize marafiki wanne waliopotea Shimba

Gazeti likiandika "Taharuki yatanda Likoni," mtu wa Mombasa haulizi maana. Anajua feri imezima katikati ya mkondo, au umesikika mlio ambao hakuna aliyejua ni wa nini. Taharuki ya gazetini ni ya miguu: watu mbio, mama anamtafuta mwanawe, kandambili zimebaki njiani. Na neno lenyewe ndivyo lilivyo tangu asili. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kusogea na kutikisika, mzizi uleule uliotupa "harakati."

Taharuki ya fasihi ni kinyume chake. Hapa mtu hasogei. Amekaa barazani na kitabu, chai imepoa, anaitwa mara tatu na haitiki. Kinachokwenda mbio ni moyo. Kwa lugha ya darasani, taharuki ni hamu yenye wasiwasi ya kutaka kujua kitakachotokea, na uzito wote uko kwenye huo wasiwasi. Hamu pekee haitoshi. Hata anayefunua sufuria ana hamu ya kujua kilichopikwa. Lazima pawe na kitu kinachoweza kupotea, na kiwe cha mtu tuliyekwisha kumpenda.

Maelezo matupu hayasaidii sana, kwa hiyo natunga kisa. Marafiki wanne wa mtaa mmoja, Mwinyi, Rehema, Swaleh na Katana, wanavuka feri alfajiri ya Jumapili na kupanda matatu ya Kwale. Wanakwenda kutembea katika hifadhi ya Shimba Hills. Hifadhi yenyewe si ya kubuni: iko kama kilomita 30 kusini-magharibi mwa Mombasa, ilitangazwa mwaka 1968, na ndipo mahali pekee nchini Kenya swala waitwao palahala wanapoishi porini. Tembo pia wamo. (Nasema mnyama, tembo la mnazi lina visa vyake.) Watu wanaoteremka msituni kwenda kwenye maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka zaidi ya mita 20, husindikizwa na askari wa wanyamapori. Wetu hawa wamemkwepa askari. Swaleh amesema njia anaijua.

Sasa tukisimulie kwa namna mbili.

Ya kwanza: wanatembea, wanacheka, wanataniana, mara ndovu huyo mbele yao. Msomaji anaruka. Huo ni mshtuko, umemjia ghafla na umekwisha ghafla.

Ya pili: usiku wa kuamkia safari tunamwona Swaleh chumbani, amejifunika shuka, anamnong'oneza mtu kwenye simu: "Niambie tena, nikifika kwenye njia panda nishike mkono gani?" Basi. Kesho yake msituni, Rehema aliye nyuma anakanyaga kinyesi cha ndovu. Bado kina joto. Anataka kusema, anakumbuka kwenye feri alivyochekwa kuwa ni mwoga, ananyamaza. Wenzake mbele wanaendelea na mzaha wao. Ndovu hajaonekana hata sikio, na huenda asionekane kabisa, ila kila kicheko sasa kinamchoma msomaji. Anatamani kuingiza mkono ndani ya kitabu amshike mtu bega.

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake na François Truffaut, yaliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1966. Watu wawili wako mezani wanapiga soga, chini ya meza kuna bomu. Likilipuka bila sisi kujua, tumepata mshtuko wa sekunde 15. Tukionyeshwa bomu mapema, pamoja na saa ya ukutani, soga ileile ya ovyo inatupa taharuki ya dakika 15.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jibu linaloandikwa sana kwenye karatasi za mtihani: "Kuna taharuki kwa sababu hatujui kama fulani atapona." Si kosa, lakini ni nusu ya jambo. Rehema anatutia wasiwasi kwa sababu ya tunachokijua: tunajua kuhusu simu ya Swaleh, tunajua kuhusu kinyesi, na hatuna namna ya kusaidia. Msomaji amejua mengi kuliko wahusika, na hiyo ni namna ya kinaya; taharuki ikapanda mgongoni mwake. Kutojua kabisa ni kitu kingine, nacho ni fumbo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, mauaji yamekwisha kutendeka na mpelelezi Bwana Msa anachunguza aliyeyatenda. Fumbo hutazama nyuma, linauliza nani alifanya. Taharuki macho yako mbele. Mwandishi hodari huchanganya vyote viwili, lakini mwanafunzi asivichanganye.

Kwa nini basi hadithi za namna hii hupenda pori? Kwanza, pori lina saa yake. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa haya. Aliyewahi kuvuka mkono wa bahari kwa miguu maji yakiwa yamekupwa anajua yatajaa baada ya saa sita hivi, na kama ni bamvua yatajaa kwelikweli, hayabembelezwi. Msituni saa hiyo ni jua. Huku kwetu likitua baada ya saa kumi na mbili, giza halichelewi. Mwandishi akitaja tu kwamba kivuli cha mti kimerefuka, au chupa imebaki na maji ya vidole viwili, hana haja ya kuandika "waliogopa sana." Hesabu tunaipiga wenyewe.

Pili, pori linawafungia watu pamoja. Mjini ukigombana na mwenzio unapanda tuktuk unakwenda zako. Msituni utakwenda wapi? Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hatari kubwa katika kisa chetu haina mkonga. Ni Swaleh asiyeweza kusema "nimepotea" mbele ya Rehema, na Mwinyi aliyekwisha kugundua, anayesubiri Swaleh aaibike kwa sababu ya deni la zamani. Katana amevimba kifundo cha mguu na anatembea kana kwamba hana kitu. Ndovu anaweza kupita akaenda zake. Siri nne katika kijinjia chembamba haziendi popote. Na wangekuwa watu wasiojuana isingeuma hivi. Urafiki ndio unaotufanya tuhofie kupoteza zaidi ya uhai.

Kazi inayobaki ni kuchelewesha. Bingwa wake ni Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, aliyekatiza hadithi kila alfajiri ili mfalme amwache hai asikie kilichobaki. Waandishi hufanya hivyo mwisho wa sura: Mwinyi anafungua mdomo amuumbue Swaleh, kunasikika tawi kuvunjika, sura imekwisha. Tamthilia za televisheni zimetuzoesha mchezo huu mpaka tumechoka nao. Kuchelewesha kuna kiasi. Ukiingiza kisengere nyuma, yaani kurudi kusimulia yaliyopita, cha kurasa kumi kuhusu harusi ya shangazi huku Katana ananing'inia kwenye mwamba, msomaji haoni taharuki, anaona amechezewa. Anafunua mbele atafute mwamba.

Na lipo kosa la sadfa. Marafiki wakikutana na ndovu kwa bahati mbaya, tunakubali. Wakiokolewa na helikopta iliyokuwa inapita tu, tunadai nauli yetu. Simu kukosa mtandao nako kumechakaa, japo nakubali kwamba bila hilo nusu ya hadithi hizi zingekwisha ukurasa wa tatu. Mtandao uwepo, basi, ila Swaleh ndiye mwenye simu yenye chaji, na akipiga itajulikana kwamba alidanganya.

Liko swali moja linalobaki kuwasumbua wanaoifikiria dhana hii: kama taharuki ni kutaka kujua mwisho, mbona anayerudia hadithi bado roho inamdunda? Mimi jibu langu nililipata utotoni, kabla sijalisikia neno lenyewe. Bibi yetu alikuwa na hadithi moja ya zimwi, "Paukwa!" "Pakawa!", na tuliijua neno kwa neno, tulijua fika kwamba msichana ataokoka. Lakini msichana aliye mvunguni hakujua, nasi usiku huo tulikuwa mvunguni pamoja naye. Bibi akichoka, alijaribu kuiruka sehemu ambayo zimwi linanusa mlango, ili tulale mapema. Hakufika mbali. Mmoja wetu alikuwa ameshakaa kitako: "Bibi, bado halijanusa."