Brakiti ya Kamera kwa Picha za Panorama: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba kamera ikishakazwa juu ya tripodi na kuzungushwa taratibu, picha zitaungana zenyewe kuwa panorama, yaani picha moja pana, bila kasoro. Ukweli ni kwamba skrubu ya tripodi huingia chini ya mwili wa kamera, ilhali nukta inayopaswa kutulia wakati wa kuzunguka kwa kawaida imo ndani ya lenzi, sentimita kadhaa mbele ya skrubu hiyo. Nukta hiyo ikihama, vitu vya karibu huonekana kusogea mbele ya vilivyo mbali, kama kidole ulichokinyoosha kinavyoruka upande unapofumba jicho moja kisha jingine. Hali hiyo huitwa paralaksi, na brakiti, yaani kishikizo chenye reli ya kusogezea kamera mbele au nyuma juu ya tripodi, iliundwa kuiondoa.

Wengine huamini kwamba nukta yenyewe ni sensa, kwa kuwa ndiyo inayopokea picha. Sivyo. Ni pale tundu la diafragma (pazia la ndani ya lenzi linalodhibiti mwanga) linapoonekana kuwapo ukiitazama lenzi kwa mbele. Kuipata hakuhitaji hesabu. Kwanza hakikisha kwamba katikati ya lenzi pamelingana na mhimili wa mzunguko, bila kuelemea kushoto wala kulia. Kisha panga fito mbili, moja karibu na nyingine mbali, zifunikane, na uzungushe kamera ili uzione kwenye ukingo mmoja wa fremu, halafu kwenye ukingo wa pili. Ikiwa unapozungusha kuelekea kulia ufito wa karibu unakimbilia kushoto kwa ule wa mbali, kamera iko mbele mno, hivyo irudishe nyuma kwenye reli. Ukikimbilia kulia, isogeze mbele. Rudia mpaka zisiachane, kisha weka alama kwenye reli.

Alama hiyo, hata hivyo, si ya kudumu kwa kila hali: lenzi ya zumu huhitaji alama yake kwa kila urefu wa fokasi (kiwango cha kuvuta picha karibu), na hata kubadili umbali wa fokasi (umbali wa kitu unacholenga kionekane wazi) huweza kuisogeza nukta kidogo.

Kuhusu usawa, wengi hutazama pimamaji iliyo juu ya kamera. Kinachopaswa kulala sawa ni kitako kinachozunguka, kwa hiyo marekebisho hufanywa chini yake. La sivyo, upeo wa macho utapanda na kushuka kama wimbi.

Picha ndefu kwenda pembeni haimaanishi kamera ilazwe. Ikisimamishwa wima hupata kimo zaidi, ingawa idadi ya picha huongezeka: lenzi ya milimita 24 kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24 huona takribani nyuzi 53 kwa upana, hivyo picha 10, kila moja baada ya nyuzi 36, hukamilisha duara zikifunikana kwa karibu theluthi moja.

Wapo pia wanaosema kwamba programu itarekebisha yote. Programu huweza kuivuta picha, lakini haiwezi kulinganisha kwa mvuto mmoja ua wa karibu na ukuta ulio nyuma yake, wala kuonyesha kilichofichwa. Kinyume chake nacho ni kosa, yaani kudhani kwamba bila brakiti hakuna panorama: kwa safu ya milima ya mbali isiyo na kitu chochote mbele yake, paralaksi haionekani, na brakiti huwa mzigo tu mgongoni.