Unanunua kadi au unanunua pakiti?

Jumamosi iliyopita mama mmoja alisimama mbele ya meza yangu hapa Ngamiani, Tanga, kamshika mkono mtoto wa miaka tisa hivi. Mtoto kidole kakielekeza kwenye kopo, mama macho yako kwenye boksi. "Kaka, si zote kadi za mpira? Mbona hili elfu thelathini na lile laki mbili?"

Swali la haki. Nauza stika na kadi za michezo mwaka wa saba huu, na wengi wanaokuja kulalamika kwamba wamepunjwa hawakupunjwa kwenye kadi. Walinunua kifungashio wasichokijua.

Fikiria mtumba. Anayenunua belo halijakatwa analipia bahati iliyomo ndani. Anayewahi asubuhi likikatwa analipia nafasi ya kuchagua. Anayefika saa kumi jioni anaokota kwenye fungu. Nguo zimetoka belo moja, lakini biashara ni tatu tofauti.

Stika ndizo rahisi kuelewa. Panini, kampuni ya Modena, Italia, ilitoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa mashindano ya Mexico mwaka 1970. Albamu ya Qatar 2022 ilikuwa na stika 670, na pakiti moja ilibeba stika 5. Ukigawanya unapata pakiti 134, ila hiyo ni kama hakuna hata stika moja iliyojirudia, na mtu wa bahati hiyo sijakutana naye. Ukijifungia chumbani unafungua peke yako bila kubadilishana na mtu, na kila stika ikawa na nafasi sawa ya kutokea, hesabu inakupeleka kwenye pakiti 950 hivi. Ndiyo maana pakiti ya stika ni ya bei ndogo na ndani hutafuti kadi yenye saini ya mchezaji wala iliyobandikwa kipande cha jezi. Unachokitafuta kiko mfukoni mwa jirani yako. Watoto wa Chumbageni wanalijua hili kuliko baba zao. Zikibaki chache, Panini wenyewe huuza zile pungufu moja moja, kwa hiyo usinunue pakiti thelathini kumsaka beki mmoja.

Kadi zina mambo yake. Nyuma ya pakiti kuna maandishi madogo kama sisimizi, mfano 1:24, yaani kadi moja ya aina fulani kwa kila pakiti 24. Watu husoma wakadhani ukinunua pakiti 24 hukosi. Hapana. Huo ni wastani wa mzigo wote uliotoka kiwandani. Unaweza kufungua 60 ukaondoka mikono mitupu, mwenzako akazipata mbili mfululizo.

Ahadi inayoshikika iko kwenye boksi, na hapo uulize boksi la aina gani. Chukua Series 1 ya mwaka 2020 ya Topps, kampuni ya kadi ya Marekani. Ni ya besiboli, najua, hapa mjini haina mwenyewe, lakini hesabu yake iko wazi. Boksi la hobi, linalopitia maduka ya wakusanyaji, lilikuwa na pakiti 24 za kadi 14, na ahadi ya saini moja au kipande kimoja cha jezi. Boksi la jumbo lilikuwa na pakiti 10 tu, ila kila moja ina kadi 46, na ahadi ya saini moja na vipande viwili. Piga hesabu: kadi 336 kwa 460. Anayehesabu pakiti badala ya kadi atadhani jumbo ni dogo. Halafu kuna blasta, boksi la rejareja la supamaketi: pakiti chache, bei ya kawaida, na saini ikitokea ni nyota yako. Msilidharau lakini. Mei 2021 maduka ya Target kule Marekani yalisimamisha kuuza kadi madukani baada ya watu kupigana kwenye maegesho ya duka moja la Wisconsin.

Kopo alilolitaka yule mtoto, la Match Attax, kadi za mpira za Topps hao hao, limeandikwa kwa nje kadi maalumu iliyomo. Zinazobaki ni za kubahatisha. Kwa mtoto naliona ndilo bora: halirudi nyumbani na kilio.

Sasa pakiti za moja moja, ndipo nilipoungua. Mwaka wangu wa pili nilinunua pakiti 11 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Zilifika safi kabisa. Nikazifungua zote usiku mmoja, patupu. Kesho yake nikiwa nafagia ndipo ikanijia: boksi lile lina pakiti 24 na saini moja. Alifungua mpaka saini ikatoka kwenye ya 13, akaacha, kumi na moja zilizobaki akanitumia mimi. Uongo hakusema hata mmoja. Kala mnofu, kaniuzia mwiba.

Wapo wanaopima kwa mizani ndogo, maana kadi yenye kitambaa ni nene na nzito, hata makampuni yakaanza kuchomeka kadi tupu nene za kuwachanganya. Na wapo wanaofungua wakaziba upya. Ukipewa pakiti, tazama ncha ya juu. Meno ya mashine huacha mistari iliyonyooka mpaka pembeni. Iliyozibwa kwa mkono, meno yamelala, kona imekunjamana, na ukiigeuzia dirishani unaona mng'ao wa gundi. Pitisha ukucha kwenye mshono wa nyuma. Ukikwama, irudishe. (Zamani zilifungwa kwa karatasi ya nta, na bigijii ndani iliyoacha doa kwenye kadi iliyolala nayo. Topps waliiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wamarekani mpaka leo pakiti isiyofunguliwa wanaiita nta.)

Siku hizi vijana huchanga hela, wananunua boksi moja, wanapiga kura za timu kabla ya kufungua, na kila mtu anachukua kadi za timu iliyomwangukia. Raha ipo, lakini ukiangukiwa na timu ndogo unaweza kuondoka na kadi mbili.

Ukimtaka mchezaji fulani, nunua kadi yake peke yake. Kuna mgosi kila wiki ananiulizia Samatta. Pakiti ningeweza kumuuzia kumi, lakini simuuzii hata moja kwa ajili hiyo. Na ukitaka iliyokwisha kukaguliwa, PSA, kampuni ya Marekani ya kukagua kadi, wamekuwa wakizipa alama 1 hadi 10 tangu 1991 na kuzifungia kwenye plastiki ngumu.

Boksi lililofungwa nalo wengi huliweka lipande bei. Hapa Tanga tuna unyevu wa bahari. Kadi zile za kung'aa hujikunja kama jani la mgomba juani, au zikagandana, na huwezi kujua mpaka ufungue. Boksi la laki mbili lililomvutia yule mama lilikuwa limekaa kwangu masika mazima. Nikamwambia. Akachukua kopo.