Kabla hujachota sampuli ya kijito, pima maji yanavyokwenda

Watu wengi wakitaka kujua hali ya kijito chao wanachota chupa moja wanapeleka maabara, majibu yakitoka wanaona kazi imeisha. Jamani, chupa hiyo peke yake haisemi kitu kama hukupima maji yalikuwa yanapita kiasi gani saa ileile, na kwa vijito vyetu vya huku Malindi, hivi vinavyoingia mto Sabaki au moja kwa moja baharini, lazima ujue pia maji ya bahari yalikuwa yanajaa au yanakupwa.

Kupima mwendo hakutaki mashine ya bei. Tafuta pahali kijito kimenyooka, pima mita 10 kwa kamba, tupa chungwa katikati uhesabu sekunde. Chungwa linazama karibu lote kwa hivyo upepo haulipeleki, afu unaliona hata maji yakiwa tope. Rudia mara kadhaa upate wastani. Tuseme ni sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde, zidisha na 0.85 maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mchanga, halafu zidisha na upana na kina. Upana mita 2, kina cha wastani sentimita 30, unapata kama mita za ujazo 0.2, yaani lita 200 kwa sekunde.

Hapo sasa sampuli ina maana. Kila lita ikiwa na miligramu 50 za udongo, kijito kinabeba kilo 36 kwa saa. Masika ikipiga, maji yakawa mara kumi na udongo ukafika gramu 1 kwa lita, ni tani 7 na zaidi kwa saa!! Hilo ni shamba la mtu linaenda baharini, na ukipima kiangazi tu hulioni kabisa, mimi hili linaniuma sana.

Oksijeni pima alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa sababu mimea ya majini imepumua usiku kucha bila kutengeneza mpya. Ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi wanaanza kutaabika, na ukienda saa nane mchana utadanganywa. Chumvi nayo, karibu na mdomo wa kijito, pale kinapoingia baharini, usipime juu tu, shusha kipimo mpaka chini, maji ya bahari ni mazito yanapenya chini ya yale matamu. Maji ya kupima bakteria tia kwenye chupa safi ya maabara, weka barafu, yafike siku hiyohiyo, na kwenye daftari andika saa, hali ya maji ya bahari, na kama jana mvua ilinyesha.