Farasi 425 na farasi 350 kwenye injini moja

Mwaka 1971 injini ya Hemi ya Chrysler, V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 7 iliyowekwa kwenye Plymouth 'Cuda na Dodge Challenger, ilikuwa na takwimu mbili za kiwanda: nguvu za farasi 425, na farasi 350. Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni nguvu ghafi, ya pili ni nguvu halisi.

Maneno hayo tunayajua kwenye mshahara: ghafi ni kabla ya makato, halisi ni kinachokufikia mkononi. Injini nayo ina makato yake. Nguvu ghafi ilipimwa injini ikiwa nje ya gari, imefungwa kwenye mashine ya kupimia na kupunguziwa mizigo: haizungushi feni, oltaneta haichaji, haina chujio la hewa, na moshi unatoka kwenye bomba pana lisilo na sailensa. Nguvu halisi hupimwa injini ikiwa imevaa kila kitakachokuwa juu yake barabarani. Kila kifaa hukata kidogo, na kwa Hemi jumla ya makato ilikuwa farasi 75.

Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ghafi. Kuanzia magari ya 1972 vikahamia nguvu halisi, na hapo ndipo wengi wanaolinganisha magari haya hupotea njia. Tazama Chevrolet Camaro Z28, yenye V8 ya lita 5.7. Mwaka 1970 iliandikwa farasi 360, mwaka 1971 ikaandikwa 330, mwaka 1972 ikawa 255. Ukisoma harakaharaka utaona injini inayokufa. Lakini anguko la kwanza ndilo la kweli zaidi: General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilishusha mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda kabla ya kuwaka, kutoka 11 kwa 1 hadi 9 kwa 1 ili injini zikubali petroli yenye okteni ndogo (isiyostahimili kubanwa sana) na madini kidogo ya risasi. Anguko la pili, ambalo ndilo kubwa, kwa sehemu kubwa ni mizani iliyobadilishwa. Inaniuma kusikia Z28 ya 1972 ikidharauliwa kwa sababu ya namba hiyo.

Kwa hiyo usiweke gari la 1969 na la 1973 kwenye jedwali moja kabla hujajua kila namba ni ghafi au halisi. Wala usitafute kanuni moja ya kugeuza ghafi kuwa halisi, maana makato hutofautiana injini kwa injini.

Hata ghafi kwa ghafi, kuna jambo jingine. Kampuni za bima zilitoza zaidi magari yenye farasi wengi, na baadhi ya viwanda viliandika namba ndogo kuliko uwezo wa injini. Hapo torki, yaani nguvu ya kuzungusha, husema zaidi. Buick GS Stage 1 ya 1970, lita 7.5, iliandikwa farasi 360 tu, 65 chini ya Hemi. Torki yake ilikuwa futi-pauni 510 kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika. Hemi ilitoa 490, tena mpaka ifike mizunguko 4,000. Taa ikiwaka kijani, dereva wa Buick alikuwa na msukumo wake wote mapema zaidi.