Je, Rangi Nyekundu Hutia Njaa?

Wengi huamini kwamba kuta nyekundu za mgahawa huwatia wateja njaa, wakaagiza zaidi. Ushahidi wake ni hafifu. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012, waliopewa vitafunio kwenye sahani nyekundu walikula kidogo kuliko wenye sahani za buluu au nyeupe. Nyekundu huvuta macho, na kwa bango, hilo latosha; tumbo ni habari nyingine.

Mteja huuhisi mgahawa kwa mambo mengi kwa pamoja, si rangi tu: mwanga, viti, muziki, maandishi ya menyu, hata harufu ya mlangoni. Ukitaka kuhakiki, linganisha migahawa miwili yenye rangi tofauti, kisha jiulize ni nini kingine kinachotofautiana. Bei? Ugumu wa viti? Rangi huwa nadra kubaki peke yake.