Technique si albamu ya asidi hausi

Jamani, tena? New Order, bendi ya Manchester, wakitajwa tu, lazima atokee mtu wa kudai kwamba albamu yao Technique (1989) ni ya asidi hausi (muziki wa klabu wa mashine, dramu haikatiki, besi inajipinda) iliyopikwa Ibiza, kisiwa cha Hispania chenye klabu nyingi. Hebu iweke, nyimbo zote 9, uhesabu dramu ya mguu, ile nzito inayoshika mpigo.

"Fine Time": moja, mbili, tatu, nne, haikatiki. Besi ya sinthesaiza inajipinda, sauti imeshushwa ikawa nzito kupita kiasi, mwishoni kondoo analia. Haya, hiyo ni klabu. Wimbo wa pili, "All the Way", ni magitaa. Wa tatu, magitaa. Wa nne, "Round & Round", mashine zinarudi. Wa tano na wa sita, magitaa tena. Na kipande cha gitaa ndani ya "Run" kiliwafanya wachapishaji wa John Denver, mwimbaji wa Marekani wa nyimbo tulivu za gitaa, walete madai ya kuigwa, yakamalizwa nje ya mahakama. John Denver! Asidi gani hiyo?

Kinachonikera zaidi ni imani kwamba Ibiza ya 1988, bendi ilipokwenda kurekodi, ilikuwa asidi tupu. Pale kwenye klabu ya Amnesia, DJ Alfredo alikuwa akichanganya hausi ya Chicago na pop, roki, hata rege, usiku uleule, mradi watu wacheze. Kwa hiyo alama ya Ibiza usiitafute kwenye mpigo peke yake. Itafute kwenye mpangilio: mashine, gitaa, gitaa, mashine, bila kuomba radhi. Huo ndio ujasiri wa Alfredo.

Mpigo wenyewe walikuwa nao kitambo. Mwaka 1983 walitengeneza "Confusion" New York na prodyuza Arthur Baker. Haçienda, klabu ya Manchester waliyoigharamia pamoja na Factory, kampuni yao ya rekodi, ilifunguliwa 1982, na DJ Mike Pickering alikuwa akipiga hausi humo kabla bendi haijafunga mizigo kwenda Ibiza. Studio ya Ibiza ilizaa kidogo, maana usiku uliwameza; kazi kubwa ilimaliziwa studio ya Real World, Uingereza.

Wimbo unaonitoa jasho ni "Vanishing Point". Chini kuna dramu ya klabu na besi ya mashine. Juu yake Peter Hook, mpiga besi wa bendi wakati huo, anapiga gitaa la besi kwenye nyuzi nyembamba, karibu na mwili wa gitaa, kama alivyofanya tangu Joy Division, bendi yao ya kwanza. Ukiniuliza ni kipi humo cha Ibiza na kipi cha Manchester, nikikujibu kwa uhakika nitakuwa nakudanganya.